Wakala wa akili mnemba asishike ufunguo wa Telegram yako

Hapa Lubumbashi, wafanyabiashara wanaoingiza bidhaa kupitia mpaka wa Kasumbalesa hujibu swali lilelile kutwa nzima: mzigo umefika? Haishangazi wengi wanataka wakala wa akili mnemba awasomee ujumbe na kuwajibia wateja. WhatsApp imejaa kwenye simu za watu, lakini Telegram ndiyo inayofungua API yake (mlango wa programu nyingine kuitumia) mpaka chini kabisa, na huko chini makosa yanagharimu akaunti nzima.

Kwanza pima kama kweli unahitaji kufika huko. API ya boti, yaani akaunti inayoendeshwa na programu, inatosha kwa kazi nyingi. Tokeni, yaani ufunguo wa boti, unaipata kwa BotFather, boti rasmi ya Telegram ya kusajili boti, na ikivuja unaibatilisha kwa /revoke. Boti haiwezi kumwanza mtu ambaye hajaiandikia, wala haisomi mazungumzo yaliyopita, na upungufu huo unakulinda. Ipange isizidi ujumbe 1 kwa sekunde kwa mtu mmoja, 20 kwa dakika katika kundi, na kama 30 kwa sekunde kwa jumla. Duka la kawaida halitagusa mipaka hiyo.

Ukilazimika kupekua ujumbe wa zamani kwa akaunti ya mtu, unaingia MTProto, itifaki ya Telegram yenyewe, kwa kawaida kupitia maktaba za programu Telethon au TDLib, ukiwa na api_id na api_hash (vitambulisho vya programu yako) kutoka my.telegram.org. Hapo faili la sesheni, linalotunza kuingia kwako kwenye akaunti, ndilo lenye thamani yote. Ndani yake mna ufunguo wa biti 2048 ambao seva imekwisha kuukubali. Atakayelinakili faili hilo ataingia bila kuulizwa msimbo wala nenosiri la hatua ya pili.

Kwa hiyo weka programu ndogo katikati, kama sentineli kwenye mlango wa lupango. Programu hiyo peke yake inashika sesheni. Iendeshe kwa mtumiaji mwingine wa Linux, faili likiwa na ruhusa 600 (mtumiaji huyo tu analisoma na kuliandika), na wakala azungumze nayo kwa soketi ya Unix tu, njia ya programu kuwasiliana ndani ya mashine moja: anapeleka jina la amri na vigezo vyake kwa maandishi ya JSON, anarudishiwa jibu. (Kama wakala ana sudo, yaani uwezo wa msimamizi, kwenye mashine hiyohiyo, yote haya ni bure.) Kumwandikia "usifute chochote" kwenye maagizo yake hakutoshi, maana mteja yeyote anaweza kutuma ujumbe unaomwambia ayapuuze maagizo hayo, na wakala husoma maneno ya mteja na ya mwenye duka kwa jicho moja.

Sentineli awe na orodha ya amri zinazoruhusiwa. Orodha ya zinazokatazwa haifai: MTProto ina mamia ya amri na kila toleo linaongeza nyingine, kwa hiyo utasahau moja, na huenda ikawa account.deleteAccount au messages.deleteHistory yenye revoke, inayofuta hata upande wa mteja. Anza na messages.getHistory, inayosoma ujumbe wa zamani, isiyozidi ujumbe 100 kwa ombi, kwa mazungumzo uliyoyataja kwa namba. Halafu angalia amri zinazobeba amri nyingine tumboni, kama invokeWithLayer na invokeAfterMsg. Ukikagua jina la nje tu, lolote litapita ndani yake. Kataa kigezo chochote ambacho chenyewe ni amri.

Majibu nayo yachujwe, na hapa ndipo wengi wanapolala. Telegram hutuma misimbo ya kuingia katika mazungumzo ya akaunti namba 777000. Unaweza kumzuia wakala asiyafungue, kisha ukamruhusu messages.getDialogs, ambayo inarudisha ujumbe wa mwisho wa kila mazungumzo, na msimbo ukiwemo. Utafutaji wa jumla na mkondo wa taarifa mpya vina tundu hilohilo. Ondoa kila kitu cha 777000 kabla jibu halijamfikia wakala.

Kwa kutuma, napendelea messages.saveDraft kuliko messages.sendMessage. Wakala anaandika rasimu, mwenye duka anaikuta imekaa kwenye simu yake, anasoma, anasahihisha bei kama ni faranga au dola, ndipo anatuma. Tahadhari ni kwamba rasimu mpya inafuta ile iliyokuwapo, basi sentineli aangalie kwanza kama mazungumzo hayana rasimu ya mtu.

Ukiruhusu kutuma moja kwa moja, shughulikia random_id. Ni namba ya biti 64 inayotambulisha kila ujumbe unaotumwa. Umeme au mtandao ukikatika kati ya ombi na jibu, wakala hajui kama ujumbe ulienda, na atajaribu tena. Akitumia namba mpya, mteja anapata ujumbe mara mbili. Sentineli ndiye aitengeneze namba hiyo na kuihifadhi kwenye hifadhidata ya SQLite kabla ya kutuma, kisha arudie kwa namba ileile. Seva ikijibu RANDOM_ID_DUPLICATE, ujumbe wa kwanza ulifika.

Kosa la 420, FLOOD_WAIT, linakuja na idadi ya sekunde za kusubiri. Sentineli azihesabu mwenyewe na kukataa maombi mpaka ziishe. Wakala akiachiwa atagonga tena na tena. Amri inayoleta kosa hili haraka ni contacts.resolveUsername, kwa hiyo hifadhi access_hash ya kila mteja (namba ambayo Telegram huidai pamoja na kitambulisho chake) badala ya kumtafuta upya kwa jina.

Yote haya yajaribiwe kwenye seva za majaribio za Telegram, kwa namba zinazoanza na 99966, kabla ya kugusa akaunti yenye wateja. Na simu yako ibaki imeingia kwenye akaunti wakati wote. Sesheni mpya hairuhusiwi kuzifunga nyingine katika saa 24 za kwanza, hivyo faili likiibwa, simu iliyoingia zamani ndiyo itakayoweza kumtoa mwizi mara moja kupitia orodha ya vifaa kwenye mipangilio.