"Ndiyo" ya shahidi inavyochekesha korti

Wenzangu mnaoitwa kutoa ushahidi Kisumu ama Nakuru, someni hili kwanza. Kicheko kingi kortini hakitokani na ujinga wa shahidi. Kinatokana na swali lililoulizwa vibaya.

Wakili anauliza, "Hukumwona mshtakiwa, sivyo?" Shahidi anajibu, "Ndiyo." Kwa Kiswahili amekubali kwamba hakumwona. Ikitafsiriwa kwa Kiingereza neno kwa neno, kumbukumbu za hakimu zitasema alimwona! Dakika mbili baadaye shahidi huyo huyo anaapa hakumwona, korti nzima inaangua kicheko, naye anaonekana mwongo. Hiyo inaniuma sana. Jibu kwa sentensi kamili: "Sikumwona."

Saa ni mtego mwingine. Muuza samaki akisema "saa mbili usiku", mkalimani akiteleza inageuka saa nane usiku, na wakili anataka kujua ni nani huuza samaki saa hiyo. "Saa ariyo" ya Kijaluo, yaani saa mbili, ni vivyo hivyo. Ongeza kitu cha kushikilia: jua lilikuwa limezama, taarifa ya habari ya saa tatu haijaanza.

Umbali je? "Kutoka hapa mpaka kwa yule mzee amelala pale." Watu wote wanageuka, mzee anaamka. Lakini kidole hakiandikiki, wala kutikisa kichwa. Sema takriban mita 10.

Na kama lugha inakulemea, mwambie karani kabla ya kuapishwa. Mshtakiwa naye, Kifungu cha 50 cha Katiba ya 2010 kinampa mkalimani bila malipo.