Nilivyofuatilia Kaboni Inayovunjika Ndani ya Taka za Nyuklia

Nilipewa kazi ya kueleza kemikali za kikaboni zilizomo katika matangi ya taka za nyuklia ya Hanford, Marekani, hugeuka kuwa nini baada ya kukaa humo miongo kadhaa. Matangi hayo 177 ya chini ya ardhi yana mabaki ya utenganishaji wa plutoniamu, pamoja na EDTA, HEDTA na sitreti (kemikali za kikaboni zinazoshika metali), ndani ya maji yaliyojaa sodiamu haidroksaidi, naitreti na naitriti. Hofu haikuwa ya bure: naitreti hutoa oksijeni na kaboni huwa kuni, na mwaka 1957 tangi la Mayak, katika Umoja wa Kisovieti, lililipuka baada ya mfumo wa kupoza kushindwa na chumvi za naitreti na aseteti kukauka.

Niliandaa taka bandia isiyo na mionzi, kisha sampuli nyingine nikaziweka mbele ya chanzo cha kobalti-60, kinachotoa miali ya gama, na nyingine nikazipasha joto tu. Utenganisho huo ndio uliookoa kazi, kwa sababu njia hizo mbili hazifanani. Miali ya gama huvunja maji na kuzalisha radikali, yaani vipande vikali vya molekuli, zinazoshambulia matawi ya molekuli ya EDTA moja baada ya jingine, ilhali katika joto pekee EDTA hubaki karibu ilivyo, huku HEDTA ikivunjika kwa msaada wa alumineti, chumvi ya alumini iliyomo katika taka.

Ugumu mkubwa ulikuwa kuhesabu kaboni yote. Katika kromatografia ya ioni, mbinu inayotenganisha ioni na kuonyesha kila moja kama kilele kwenye grafu, naitreti ni nyingi kiasi cha kuvuruga kilele cha fomati, mojawapo ya mabaki madogo ya uvunjikaji, hivyo nilizimua sampuli sana na kuongeza polepole nguvu ya haidroksaidi inayosukuma ioni ndani ya mashine hadi vilele vikaachana. Oksaleti, baki jingine la uvunjikaji, ilinitaka subira zaidi: palipo na sodiamu nyingi huganda na kutuama chini, kwa hiyo kila sampuli niliichuja, nikayeyusha mashapo kwa maji safi na kuyapima pembeni. Kaboneti niliipima kwa kutia asidi na kunasa kaboni dioksaidi, ndani ya kabati la kutolea moshi, kwani naitriti ikikutana na asidi hutoa gesi ya kahawia yenye sumu. (Sodiamu haidroksaidi hufyonza kaboni dioksaidi hewani, kwa hiyo sampuli tupu ya kulinganishia ni ya lazima.)

Hatimaye hesabu ilikaribia kutimia: sehemu kubwa ya kaboni iliishia katika fomati, oksaleti na kaboneti, ambazo zina nishati ndogo kuliko kemikali za awali. Kwa maoni yangu, tangi lililozeeka ni kuni hafifu, lakini hilo halimalizi suala la gesi, kwa kuwa uvunjikaji huohuo hutoa hidrojeni, naitrasi oksaidi na amonia. Tangi la SY-101 la hapo Hanford lilikuwa likitoa gesi hizo kwa vishindo vya mara kwa mara hadi lilipowekewa pampu ya kukorogea mwaka 1993. Ndiyo maana katika ripoti nilipendekeza hatari ya kuungua na hatari ya gesi zitathminiwe kila moja peke yake, kwa vipimo vyake.