Alasiri ya Farasi Watatu

Mwalimu wetu wa dresaji, mchezo wa kumfunza farasi na kumwongoza kwa hatua za ustadi, alikuwa mtu wa maneno machache, na mabishano yetu kuhusu aina za farasi yalimchosha. Tulibishana kila mahali: tukifunga matandiko, tukichokoa uchafu kwenye kwato, hata tukiwa juu ya farasi tukingoja zamu. Dada mmoja aliyenizidi umri alishikilia farasi wa Hanover, aina ya Kijerumani, na hakutaka kusikia jina jingine. Kijana mwingine alikuwa mtu wa Trakehner, ukoo ulioanzia kwenye mazizi ya mfalme wa Prussia mwaka 1732. Miaka iliyofuata ilimpa hoja nzito zaidi, maana jike wa Trakehner aitwaye Dalera alichukua dhahabu ya mtu binafsi kwenye Olimpiki ya Tokyo, akairudia Paris mwaka 2024.

Mimi kichwani nilikuwa na Valegro. Nilikuwa nimemtazama kwenye video mpaka nikajua kila kona anayoikata, yule farasi wa Kiholanzi ambaye Charlotte Dujardin alimpanda London mwezi Desemba 2014 akapata asilimia 94.300 katika onyesho huru la muziki, rekodi ya dunia. Lakini kumtazama farasi ni jambo moja, kumkalia ni jingine, na Mwalimu alilijua hilo.

"Kesho alasiri asije mtu na maneno," alisema. "Njooni na viatu vya kupandia. Kila mmoja atapanda farasi watatu, mazoezi yaleyale kwa wote. Baada ya hapo ndipo tutazungumza."

Mazoezi yenyewe hayakuwa makubwa. Duara la mita 20. Bega ndani kando ya ukuta, yaani farasi anakwenda mbele huku mabega yake yameingizwa kidogo upande wa uwanja. Kutoka telki, ule mwendo wa miguu miwili miwili kwa mkingamo, kuingia shoti ya polepole na kurudi. Kukata uwanja kimshazari kwa telki ndefu. Kisha kusimama, miguu yote minne imekaa sawa. Ni mambo anayoyapita kila mwanafunzi wa dresaji, na kwa sababu hiyo farasi hawezi kujificha ndani yake.

Wa kwanza alikuwa jike wa Thoroughbred aliyestaafu mbio angali mdogo. Ngozi yake ilikuwa nyembamba, mishipa ikionekana shingoni, na masikio hayakutulia. Ukifuata ukoo wa Thoroughbred kwa upande wa baba, wote huishia kwa madume watatu walioletwa Uingereza kutoka Mashariki: Byerley Turk, Darley Arabian na Godolphin Arabian. Karne nyingi watu wamechagua wazazi kwa jambo moja, kula ardhi kwa kasi. Nililihisi hilo hata kabla sijakaa vizuri. Nilimgusa kwa shavu la mguu, akaondoka. Shoti yake ilikuwa tamu kweli, ndefu, nyepesi, isiyo na kelele, na ningeweza kuzunguka nayo siku nzima.

Kwenye bega ndani mambo yalibadilika. Farasi akisimama tu, bila mtu mgongoni, zaidi ya nusu ya uzito wake huwa juu ya miguu ya mbele. Dresaji yote, ukiitazama kwa undani, ni kuuhamisha uzito huo taratibu kwenda nyuma, mpaka makalio yashuke, magoti ya nyuma yakunjike, na mabega yawe huru. Jike yule alielewa ninachomwomba, nina hakika, lakini mwili wake ulikuwa umejengwa kusukuma. Miguu ya nyuma ilisukuma kwa nguvu kuelekea nyuma badala ya kuingia chini ya tumbo na kubeba. Nilipofunga ngumi kwenye hatamu, naye alifunga shingo.

"Usimdharau," Mwalimu aliniambia nilipokuwa nashuka, ingawa sikuwa nimesema neno. Akanikumbusha kwamba mwaka 1936 huko Berlin, Alois Podhajsky alipata medali ya shaba ya dresaji juu ya Nero, na Nero alikuwa Thoroughbred. Podhajsky huyohuyo baadaye aliongoza Shule ya Kihispania ya Upandaji Farasi ya Vienna, nyumba ya farasi weupe wa Lipizzaner. (Lipizzaner huzaliwa weusi au hudhurungi, weupe huwajia kadiri wanavyokua, na sijawahi kuchoka kulistaajabia jambo hilo.)

Wa pili alikuwa farasi wa Hanover, dume aliyehasiwa, rangi ya hudhurungi inayong'aa, mrefu wa sentimita 170 begani. Dada yetu alikuwa ameshika hatamu zake kama anayemtambulisha bwana harusi. Ni farasi wa damu vuguvugu, si mzito kama wa kukokota mizigo, si mwepesi kama wa mbio, na hawakutokea kwa bahati. Mwaka 1735 George wa Pili, mfalme wa Uingereza aliyekuwa pia mtawala wa Hanover, alianzisha kituo cha madume mjini Celle ili wakulima wapate kupandisha majike wao. Farasi wale walivuta magari na majembe, wakapandwa na wanajeshi. Baada ya Vita Kuu ya Pili, trekta na lori zilipochukua kazi hizo, wafugaji waliongeza damu ya Thoroughbred na ya Trakehner wakawaelekeza kwenye michezo. Gigolo, farasi wa mpandaji Isabell Werth, alikuwa wa Hanover. Salinero wa Anky van Grunsven vilevile, na huyo alitwaa dhahabu ya Olimpiki mwaka 2004 huko Athens na tena kwenye Olimpiki ya 2008.

Nilipoingia telki nilielewa kwa nini dada yule hataki kusikia jina jingine. Mgongo ulinirusha juu, ukanishusha, ukanirusha tena, na kati ya hatua mbili kulikuwa na muda mrefu ambao miguu yote minne ilikuwa hewani. Majaji hupenda sana muda huo. Tulipokata kimshazari nikampa hatamu kidogo na kumruhusu, mabega yake yalifunguka, miguu ya mbele ikanyooka mbele yetu, na uwanja wa mita 60 ukawa mfupi. Sijui kama kuna hisia nyingine ya aina ile ambayo mwanadamu anaweza kuipata akiwa ameketi.

Ila kuketi kwenyewe kulikuwa kazi. Kila hatua kubwa ilipita mgongoni mwangu, na ili nisimgonge kiunoni ilinibidi nifuate kwa nyonga muda wote, tumbo limekazwa, mapaja yamelegea. Nilipomwomba apunguze alinisikia, lakini jibu lilichelewa kidogo, kwa sababu mwili mrefu namna ile unahitaji hatua kadhaa kujikusanya. Wapandaji wakubwa hujua kuomba mapema. Mikono yangu ilikuwa bado haijajua.

Wa tatu alitolewa bandani bila kushikwa kwa nguvu. Lusitano, dume, wa kijivu aliyekwisha kugeuka mweupe, umri wa miaka 18. Begani hakufika sentimita 160. Paji la uso lilikuwa limebinuka kidogo kwa nje, shingo fupi yenye upinde, kiuno kipana. Baada ya yule wa Hanover alionekana mdogo, na mmoja wetu aliuliza kama huyu si wa watoto. Mwalimu hakumjibu.

Lusitano ni farasi wa Ureno, ndugu wa damu wa farasi wa Kihispania. Vitabu vyao vya nasaba vilikuja kutenganishwa katika miaka ya 1960. Ufugaji wa kifalme wa Alter ulianzishwa mwaka 1748, lakini kabla yake na baada yake farasi hawa walichaguliwa kwa kazi ya hatari: vita vya ana kwa ana, kuchunga ng'ombe wakali, kukabiliana na fahali uwanjani. Mbele ya pembe za fahali, farasi mwenye hatua ndefu hana faida. Anayesalimika ni yule anayeweza kukalia miguu ya nyuma, kugeuka papo hapo, kuondoka, kusimama, na kumsikiliza aliye mgongoni kabla hajamaliza kuomba.

Nilipanda. Hakusogea. Nilivuta pumzi ili nijipange, naye akaanza kutembea, na hapo ndipo nilipofahamu kuwa nilikuwa nimeshamwambia aende. Kwenye duara nilitazama ndani, mwili wake ukapinda. Bega ndani niliiwazia tu, nikageuza mabega yangu kidogo, na tayari alikuwa ndani yake, mwepesi mkononi, lijamu likitafunwa taratibu. Telki yake haikuwa kubwa. Ilipanda juu zaidi kuliko ilivyokwenda mbele, magoti yakinyanyuka, na mgongo wake ulinikaribisha. Niliketi bila kupigana na chochote.

Kwenye kimshazari nilimwomba telki ndefu. Aliharakisha kidogo, akanyoosha kidogo, akafanya alichoweza. Kwa jicho la jaji ile haikuwa ya kulinganishwa na ya yule wa Hanover, na siwezi kudai vinginevyo.

Kisha Mwalimu akaja akasimama kando yetu. "Mwanangu, mkusanye. Funga vidole, ketini wote wawili, kisha mguse kwa miguu nyuma kidogo. Usimvute." Nilifanya hivyo. Nilihisi makalio yake yakishuka chini ya tandiko, mgongo ukinyanyuka katikati, na miguu ikaanza kupokezana kwa mkingamo, wa mbele kulia na wa nyuma kushoto, kisha wenzao, bila kwenda popote. Piafe. Nilikuwa nimeiona kwa Valegro, nikaisoma, nikaichora kwenye daftari, lakini sikuwahi kudhani kuwa ina utulivu kiasi kile kwa aliyeikalia. Nguvu zote za mnyama yule zilikuwa chini yangu, na hatamu zilikuwa nyepesi vidoleni. Nilipolegeza, akatoka mbele kwa hatua ya kawaida, akipuliza pua.

Tulipokaa baadaye, dada yetu hakuwa amebadilika, na aliniambia wazi kwamba nimependa mwalimu mzee, sijapenda aina ya farasi. Ni hoja nzuri. Dume wa miaka 18 aliyefunzwa vyema angemfundisha mtu yeyote, awe Lusitano au asiwe. Mwalimu alikubali nusu yake. Mafunzo ndiyo yaliyomfanya ajue, alisema, lakini yule wa Hanover naye alikuwa na mafunzo ya miaka mingi, na bado miili yao ilitoa majibu tofauti kwa swali lilelile. Mababu wa mmoja walivuta magari barabarani. Wa mwingine walikwepa pembe. Dada yetu akataja matokeo ya Olimpiki, ambako farasi wa damu vuguvugu ndio wamejaza orodha za washindi. Nikamtajia Rubi, Lusitano wa Alter aliyefika fainali ya London 2012. Akacheka kwa upendo, akasema fainali si medali.

Mimi nilichagua siku ile. Nilipopata nafasi ya kuwa na farasi wa kumfunza mwenyewe, nilitafuta Lusitano, na nikampata jike wa kijivu mwenye masikio mafupi na moyo mkubwa. Majaji hunipa 6 kati ya 10 kwenye telki ndefu, wakati mwingine 5.5, na huandika pembeni kwamba hafuniki ardhi ya kutosha. Kwenye mageuzi ya shoti, yaani kubadili mguu unaotangulia, na kwenye mikusanyo huandika 8. Dada yangu yule naye ana farasi wa Hanover wake, alama zake zimepinduka kinyume na zangu, na tukikutana mashindanoni hubadilishana karatasi za majaji kabla hata hatujavua kofia.