King'amuzi cha mama na harusi iliyogoma kucheza

Bibi harusi ameganda mlangoni mwa ukumbi, mguu mmoja hewani. Vigelegele vimeshakwisha, wapiga ngoma wameingia wimbo wa pili, yeye bado hajatua kiatu chini. Mara picha inaruka, tunamkuta keshakaa jukwaani. Mama akanigeukia: "Mwanangu, hicho king'amuzi chako kinameza watu."

Kidude chenyewe si king'amuzi. Ni Raspberry Pi 4, kompyuta ya ukubwa wa kadi ya benki, niliyoifunga kwenye TV ya mama hapa Ngamiani, Tanga. Ndani nimeweka Kodi, programu ya kuchezea video, na LibreELEC, mfumo mdogo wa kuiendesha, ili aangalie mawaidha, tamthilia zake na video za wajukuu bila kunipigia simu saa nne usiku. Lakini kwa mama kila kitu cheusi chenye waya unaoingia kwenye TV ni king'amuzi, na mimi kubishana nimeacha zamani.

Harusi ilikuwa ya binti wa dada yangu. Mpiga video alituletea fleshi yenye faili moja la dakika 52, GB 39, akasema kwa kujivuna, "Hiyo ni 4K, kaka." Kweli ni 4K: nukta 3840 kwa 2160, yaani karibu milioni 8.3 katika kila fremu (picha moja moja ya video), mara nne ya Full HD. Na TV ya mama ni ya 4K. Kwa hiyo lawama zote zikaniangukia mimi na kidude changu.

Nikaanza na joto. Ilikuwa Januari, na anayeujua Ngamiani wakati wa kaskazi sina haja ya kumwelezea. Kuingia kwenye kabati la TV nakuta mama ameifunika Pi kwa kitambaa cha kufuma, kile cheupe cha kupambia meza, "isiingie vumbi". Kodi inasema nyuzi 83. Pi 4 ikifika 80 huanza kujipunguzia kasi yenyewe isiungue, kwa hiyo nilijua nimemkamata mwizi. Kitambaa nikakiondoa, kidude nikakitoa kabatini, joto likashuka hadi 66. Bibi harusi akaganda palepale mlangoni. Kitambaa nacho baada ya siku mbili nikakikuta kimerudi. Tulifanya suluhu: sasa kiko chini ya kidude.

Halafu kuna ile alama ndogo ya radi ya manjano inayotokea pembeni ya kioo. Nilikuwa naiona siku zote, naipuuza. Maana yake ni kwamba volti zinazoifikia Pi zimeshuka chini ya 4.63, na kweli nilikuwa naiwasha kwa chaja ya simu yangu ya zamani. Nikanunua chaja yake hasa, volti 5.1 na ampea 3. Radi ikaondoka. Harusi, vilevile.

Hapo ndipo nilipofanya upuuzi. Fundi mmoja aliniambia bila kupepesa macho kwamba tatizo ni waya wa HDMI, akaniuzia mpya kwa shilingi 25,000. Nilikuwa najua, na bado nikalipa. Waya mbovu hauwezi kuchelewesha picha nyuma ya sauti namna ile. Waya mbovu unatia chenga, au unazima kioo kwa sekunde kadhaa kisha kinarudi. Lakini mtu akishachoka hununua chochote.

Kilichonifumbua macho ni mpwa wangu. Alikuja Ijumaa baada ya swala na video aliyoirekodi kwa simu yake siku ileile ya harusi, ukumbi uleule, nayo ni 4K. Tukaiweka kwenye Pi. Ikatiririka tangu mwanzo hadi mwisho, haikushtuka hata mara moja! Nukta zile zile, kidude kile kile, waya ule ule wa 25,000.

Nikachomeka kibodi, nikabonyeza herufi O. Kodi inakuandikia juu ya picha kile inachokifanya wakati huo. Kwenye video ya simu iliandika hevc, na mbele yake HW (kazi inafanywa na chipu). Kwenye faili la mpiga video iliandika h264, na mbele yake SW (kazi inafanywa na programu). Nikakaa chini kwenye mkeka.

Video haihifadhiwi fremu kwa fremu. Inakandamizwa kwa mtindo fulani, kama hizo hevc na h264, na mashine inayoicheza lazima iufungue mtindo huo upya, kwa harusi yetu mara 25 kila sekunde. Pi 4 ina sehemu maalumu ndani ya chipu kwa kazi hiyo. HEVC inaifungua hadi 4K ya fremu 60. Lakini H.264, ambayo ni ya zamani zaidi, sehemu hiyo inaishia kwenye Full HD. Ukiiletea H.264 ya 4K inaikataa, kazi inaangukia prosesa ya kawaida, na prosesa hiyo haina ubavu nayo. Sasa hiyo sehemu inayofungua, kwa Kiswahili utaiitaje? Ni king'amuzi, bwana. Mama alikuwa sahihi tangu siku ya kwanza: king'amuzi ndicho kilichokuwa kinameza watu.

Mpiga video nilimwomba anitolee upya kwa HEVC. Alisema "kesho", na kesho yake anaijua Mungu. Nikaibadilisha mwenyewe kwenye laptopu, kwa programu ya ffmpeg:

ffmpeg -i harusi.mp4 -c:v libx265 -crf 22 -c:a copy harusi.mkv

Laptopu yangu ni kongwe, ilikwenda kama fremu 2 kwa sekunde. Piga hesabu: fremu 78,000, kazi ya muda wa karibu saa 11. Usiku wa kwanza umeme ulikatika saa tisa, na betri yangu ni ya jina tu. Usiku wa pili nikalikata faili vipande vinne, umeme ukikatika nisianze upya, nikapata GB 11 kwa jumla, na bibi harusi akaingia ukumbini kwa miguu yake.

Kulibaki na mtikisiko kidogo kamera inapozunguka. TV ilikuwa kwenye Hz 60, yaani inachora picha mara 60 kwa sekunde, na video ni fremu 25, kwa hiyo fremu nyingine zinakaa mara mbili, nyingine mara tatu. Nikahamishia HDMI kwenye tundu lililo jirani na la umeme, nikaongeza hdmi_enable_4kp60=1 kwenye config.txt, faili la mipangilio ya Pi, nikairuhusu Kodi ibadili Hz kufuata video. TV ikahamia 50, kila fremu mara mbili, mtikisiko kwisha.

Jumapili nikaja na mke wangu kumwonyesha mama. Tukakuta sebule imejaa majirani, harusi inacheza laini kabisa, na Pi imezimwa. Mtoto wa jirani alikuwa ameichukua ile fleshi ya mpiga video, faili lilelile la GB 39, akaichomeka moja kwa moja kwenye tundu la USB la TV.

"Kumbe hii TV ina king'amuzi chake ndani," mama akasema, akatusogezea sahani ya visheti.