Mapipa Matatu, Lori Moja

Chuo nilichosoma jijini Dar es Salaam kiliwahi kuweka mapipa matatu nje ya kantini: la kijani la mabaki ya chakula, la buluu la karatasi na la njano la chupa za plastiki. Tuliyatumia kwa uangalifu wiki kadhaa, hadi asubuhi moja nilipowakuta vibarua wakiyamwaga yote matatu, moja baada ya jingine, katika lori lile lile. Sikuwalaumu, kwa kuwa lori halikuwa na mahali pengine pa kutilia. Habari zilienea mabwenini siku hiyo hiyo, na muhula haujaisha kila pipa likawa linatupiwa chochote.

Nimelitafakari sana jambo hilo, na ninaamini tulipaswa kuanza na chakula. Mchuzi wa maharage ukishalowanisha karatasi, hakuna atakayeinunua. Na ugali uliolundikwa dampo, kama kule Pugu Kinyamwezi, huoza bila hewa na kutoa gesi ya methani inayoongeza joto duniani. Mabaki hayo hayo yakitengwa mapema huwa mboji ya bustani za chuo, au hulisha funza ambao nao hulishwa kuku.

Aliyetenganisha taka kwelikweli pale chuoni alikuwa mama mmoja muokota makopo, aliyefika alfajiri na viroba viwili. Alifungua kizibo, akamwaga maji yaliyobaki, akaibana chupa kwa kisigino, kisha chupa akaitia kiroba kimoja na kizibo kingine. Alikuwa sahihi kufanya hivyo, maana hizo ni plastiki mbili tofauti: zikisagwa na kutiwa majini, vipande vya chupa huzama na vya kizibo huelea. Mnunuzi wake alimlipa kwa kilo, na chupa yenye maji aliikataa. Nasikitika kusema kwamba walinzi wa chuo walimfukuza mara nyingi kana kwamba amekuja kuiba.

Hata hivyo, chupa ya maji ambayo mwanafunzi hakuinunua tangu mwanzo haihitaji kuokotwa. Serikali ilipopiga marufuku mifuko ya plastiki tarehe 1 Juni 2019, watu walirudia vikapu na kuzoea mifuko mbadala, na sokoni biashara ikaendelea. Chuo nacho kinaweza kuweka mabomba ya maji salama ya kunywa karibu na kumbi za mihadhara, na kantini ikampa sahani ya kuoshwa kila anayekula palepale, badala ya kumfungia chakula katika chombo cha kutupwa.

Kuhusu lori, ningependa mkataba wa mzoaji utaje siku za kuchukua chakula na siku za kuchukua taka kavu, na malipo yake yafuate utaratibu huo. Yule mama naye apewe kitambulisho cha kupitia getini, awahi kabla lori halijafika.