Pumzi Ilirudi Kabla ya Mguu

Ukizoea kukimbia alfajiri barabara ya Sakina kwenda Ngaramtoni, Arusha, bodaboda unazitambua kwa sauti kabla hujaziona. Iliyonigonga Juni 2023 sikuisikia. Nilikuwa kilomita ya 11, magari yakinijia kwa nyuma kama nilivyozoea, kichwani nikipanga kipindi cha hesabu cha darasa la sita. Ninachokumbuka ni raba yangu ya kushoto imelala ubavu vumbini, na mguu uliokuwa ndani yake umeelekea upande ambao mguu hauelekei.

Mifupa yote miwili ya ugoko ilikatika. Kesho yake nilipasuliwa: chuma kirefu kikapitishwa ndani ya mfupa mkubwa, kuanzia chini ya goti hadi karibu na kifundo, kikashikwa kwa skrubu mbili juu na mbili chini. Aliyenifikisha hospitali ni yule yule kijana wa bodaboda. Jioni alirudi na mfuko wa machungwa, akasema "Shikamoo mwalimu," akakaa kwenye kiti cha plastiki nusu saa nzima bila kuongeza neno. Sikuwa na hasira naye. Hasira yangu yote ilimwendea daktari, aliyenihakikishia kwamba nitatembea vizuri. Nani alimuuliza habari za kutembea? Februari ya mwaka huo huo nilikuwa nimekimbia nusu marathoni ya Kilimanjaro kwa saa 1 na dakika 19.

Mimi ni mtu wa Mbulu, kwa hiyo kila aliyekuja kunijulia hali alinisimulia John Stephen Akhwari, mtu wa Mbulu mwenzangu: marathoni ya Olimpiki, Mexico City, 1968, kaanguka, mguu umefungwa bandeji, kaingia uwanjani wenzake wameshamaliza zamani, naye kamaliza. (Siku hizi, baada ya Alphonce Simbu kutwaa dhahabu ya dunia ya marathoni Tokyo, wagonjwa wa kwetu angalau wana mfano wa pili.) Akhwari namheshimu sana. Lakini yeye alikuwa na mbio moja ya kumaliza. Mimi nilikuwa na mwaka mzima mbele yangu, na mtu akiyavumilia maumivu ya mfupa mwaka mzima, anachopata ni kurudi kwenye meza ya upasuaji. Hilo nililielewa kwa kuchelewa, kama nitakavyoeleza.

Mama alikuja kutoka Mbulu akahamia jikoni. Supu ya makongoro asubuhi, supu ya makongoro jioni. Kama ilisaidia mfupa sijui, ila kilo nne niliongeza.

Wiki ya sita niliruhusiwa kuukanyagia mguu, lakini kwa kilo 20 tu, huku nikiegemea magongo. Sasa kilo 20 mguuni unazijuaje? Nyumbani hatuna mzani. Mke wangu akamwita kijana mmoja anayezunguka mtaani na mzani wake kwapani akipima watu uzito. Nikasimama, mguu mzima chini, mbovu juu ya mzani, nikakandamiza taratibu huku nikiangalia sindano. Ilipogusa 10 tu jasho likanitoka. Kijana akacheka: "Kaka, kumbe na mguu unapimwa peke yake?" Alipita asubuhi nne mfululizo, nami nikimpa mia tano kila siku. Siku ya nne nilikandamiza nikiwa nimefumba macho, nikafumbua: 21. Katika kazi yote ya mwaka ule, ile mia tano ndiyo fedha niliyoitumia vizuri kuliko zote.

Magongo niliyaacha wiki ya kumi. Kilichonitisha hapo si maumivu, ni shavu la mguu. Lilikuwa limekwisha, ngozi inaninginia. Jirani yetu ni fundi cherehani, akachukua futi yake akanipima: kulia sentimita 37, kushoto 32. Akaandika kwenye daftari lake la oda, katikati ya kiuno cha bibi harusi na mikono ya suti ya mtu. Tukakubaliana nirudi kila baada ya wiki mbili.

Dada wa fiziotherapia naye alikuwa na kipimo chake. "Mwalimu, simama kwa huo mguu mmoja, inuka kwa vidole mara ishirini na tano bila kushika ukuta. Ukifikisha, tutazungumza habari za kukimbia." Siku ya kwanza kisigino kiliinuka kimo cha daftari, kikaanguka. Nilikuwa nafanyia zoezi hilo kwenye ngazi ya darasa wakati wa mapumziko, watoto wananihesabia kwa sauti. Nilipokwama kwenye 14, darasa zima la sita lilisikitika.

Huku nikisubiri hizo 25, shemeji akaniazima baiskeli yake ya Phoenix. Oktoba nikaanza kwenda nayo Kisongo na kurudi, kwanza polepole, kisha kwa kuikomoa. Hapa ndipo mtego ulipotegwa, na nimeamua kuandika haya kwa sababu ya mtego huo. Baiskeli haigongi mfupa. Unaweza kuuchosha moyo na mapafu mpaka uone nyota, mguu usijue kama kuna kazi yoyote iliyofanyika. Desemba nilifikisha 25, nikaanza kukimbia kwa mtindo wa dakika 1 kukimbia, 4 kutembea, mara 6, siku moja ndiyo, siku moja hapana. Pumzi haikuguswa hata kidogo. Nilijisikia kama mtu mzima aliyepewa kiti cha chekechea.

Februari 2024, wenzangu wa klabu walikuwa wanajiandaa na zile mbio za Kilimanjaro, kule Moshi. Jumapili moja nikawafuata msitu wa Olmotonyi, "nitageukia kilomita ya sita." Barabara ya vumbi laini, ubaridi wa miti, harufu ya ardhi iliyolowa usiku. Kilomita ya sita ilipofika nilikuwa napiga hadithi wakati wengine wanahema. Sikugeuka. Nilikimbia 18, zile nne za mwisho nikiwa mbele yao.

Kesho yake, nikishuka kitandani, nilipata maumivu mahali padogo panapofunikika kwa kidole gumba, vidole vinne juu ya kifundo. Nikayaita uchovu. Nikamdanganya mke wangu, nikamdanganya dada wa fiziotherapia, na kwa wiki mbili nikaendelea kukimbia nikisema moyoni Akhwari, Akhwari. Wiki ya tatu maumivu yakaniamsha usiku nikiwa nimelala tu. Picha ikaonyesha mfupa umeanza kuelemewa jirani na skrubu ya chini. Haukuwa umevunjika, ila ulikuwa njiani. Wiki sita bila kukimbia hata hatua moja.

Yule dada hakunigombeza. Alisema: "Mwalimu, umefunga injini ya Fuso kwenye bajaji." Kisha akanieleza jambo ambalo natamani ningelielewa siku ya kwanza. Moyo na mapafu vinarudi kwa wiki, misuli kwa miezi, na mfupa ni wa mwisho, tena mfupa haulalamiki mapema. Mkimbiaji maisha yake yote amezoea pumzi imwambie apunguze au aongeze. Anayerudi kutoka kwenye jeraha kama langu akiendelea kuisikiliza pumzi, pumzi itampotosha. Itamwambia nenda, kwa sababu yenyewe imeshafika.

Mei nilianza upya, mvua za masika zikiendelea. Saa niliiacha kabatini. Kila asubuhi kabla ya chai niliruka kwa mguu wa kushoto peke yake mara 10 kwenye sakafu ya sebule. Pakiuma hata kidogo kwenye lile eneo la kidole gumba, siku hiyo sikimbii, basi, hakuna mjadala. Nilikuwa naongeza dakika, siongezi kasi. Mke wangu aliwekwa kuwa shahidi wa ile miruko kumi, maana mwongo wa mwezi Februari alijulikana. Kuna asubuhi nilisimama pale sebuleni nimevaa raba tayari, nikaruka mara tatu, nikavua raba nikaenda kumenya viazi. Asubuhi za namna hiyo zilikuwa ngumu kuliko kilomita zozote nilizowahi kukimbia.

Jambo la pili halikuwa la mfupa. Nikisikia pikipiki nyuma yangu mabega yalikuwa yanapanda yenyewe na hatua zinavurugika. Dawa ilikuwa rahisi mpaka nikaona aibu: nilihamia upande wa kulia wa barabara, ili kinachokuja nikione usoni. Miaka 11 ya kukimbia na hakuna aliyewahi kuniambia hilo, wala mimi sikuwahi kulifikiria.

Chuma kiliingilia chini ya goti, na hapo pamebaki pabaya hadi leo. Kanisani wenzangu wakipiga magoti mimi nabaki nimekaa kama mgeni. Kupanda mlima si tatizo, kushuka ndiko kunakopaamsha.

Februari 2025 nikarudi Moshi, nusu marathoni. Wanaoijua njia ile wanajua: unapanda kuelekea Mweka, halafu unaugeuzia mlima mgongo na kuteremka kurudi uwanja wa Ushirika. Wengi huogopa kupanda. Mimi nilipanda vizuri, pumzi imetulia, huku nikiibishia njia nzima. Kwenye kuteremka, pale watu wanapofungulia, nikatembea. Nikakimbia kidogo, nikatembea tena. Mama mmoja wa makamo mwenye fulana ya klabu ya jogingi akanipita akiniita kwa mkono, "Twende baba, twende!" Nikamwambia atangulie. Nilimaliza kwa saa 1 na dakika 54, na Jumatatu asubuhi niliruka mara 10 sebuleni, sikusikia kitu.

Mara ya mwisho fundi aliponipima, kulia ilikuwa 37 na kushoto 36. Daktari anasema mfupa umejaa na chuma kinaweza kutolewa, ila matundu ya skrubu nayo yanahitaji muda wa kujaa, na muda huo wote hakuna kukimbia. Tumepanga likizo ya Juni. Nimemtafuta yule kijana wa mzani, nikijua nitamhitaji tena. Nimeambiwa mzani aliuza, sasa anaendesha bodaboda.