Nilivyojifunza kushuka mtumbwini bila kuangukia majini

Kwa miaka minne nilivuka mto karibu kila wiki katika delta ya Rufiji, kwa kuwa shule niliyofundisha ilikuwa ng'ambo ya gulio, na tabu yangu haikuwa kuvuka bali kushuka. Kila niliyemwuliza alinijibu neno moja: ruka kwa nguvu. Ushauri huo ni mbaya, na ninasema hivyo kwa kuwa uliniponza.

Jioni moja nilisimama kwenye omo, yaani mbele ya mtumbwi, nikiwa na mfuko wa mchele begani, ukingo ukiwa hatua moja tu mbele yangu, nikaruka kwa nguvu zangu zote. Mguu wangu uliusukuma mtumbwi nyuma, na mtumbwi ukanisukuma mbele kwa kani ileile. Lakini mtumbwi ule mtupu haukunizidi sana uzito, na maji hayaushiki kama nchi kavu inavyoushika mguu, kwa hiyo ulinikimbia kabla sijamaliza kujisukuma. Hatua moja ikawa mbili. Nilizama hadi kifuani, mchele wa elfu ishirini na kitu ukalowa wote, na katika mto wenye mamba hilo si jambo la kuchekea.

Aliyeniokoa na ushauri ule ni mvuvi mmoja mzee. Nilipomwamkia shikamoo siku iliyofuata, aliitikia kisha akaniambia, "Mwalimu, uache mtumbwi uegemee kwanza, ndipo nawe uuegemee." Aliukita upondo, ule mti mrefu wa kusukumia mtumbwi, kwenye tope nyuma ya tezi, yaani upande wa nyuma wa mtumbwi, akaufunga mtumbwi kwenye upondo huo kwa kamba, akashuka taratibu kama anayetoka kibarazani. Msukumo wake ulipita kwenye mtumbwi na upondo ukaishia ardhini, na ardhi haiondoki. Tangu hapo sijalowa tena, na anayeshuka bila upondo namsihi walau ashike kigingi cha ukingoni kabla ya kuinua mguu.

Kisa hicho kilinisaidia hata darasani. Mwanafunzi mmoja wa kidato cha pili aliniuliza swali ambalo vitabu hulipita haraka: ikiwa kani hizo mbili ni sawa na zinaelekeana kinyume, kama Newton alivyoandika mwaka 1687, mbona hazifutani? Hazifutani kwa sababu haziangukii kitu kimoja. Moja iko juu ya mtumbwi, nyingine iko juu yangu. Nilipoona maneno hayamtoshi, nilikipeleka kidato kizima kwenye bwawa lenye maji ya magotini, tukaweka mitumbwi miwili iliyolingana na kamba kati yake. Msichana mmoja akavuta, naye muulizaji akashikilia tu, na mitumbwi yote miwili ikasogea hadi ikakutana karibu na katikati. Muulizaji hakuridhika. Aliomba warudi mwanzo, safari hii avute yeye na msichana ashikilie, wakakutana palepale.